Chongo la Kuzaliwa Nalo

Hotuba iliyotolewa Mji wa Kale, Mombasa, mbele ya wanafunzi wa sekondari, wazazi wao na viongozi wa dini

Wazee wangu, mashekhe na wachungaji mliokubali kukaa safu moja, mama zangu, walimu wenzangu, na nyinyi wanafunzi mliojaa mpaka mlangoni: asalaam aleikum, Bwana asifiwe, jioni njema.

Kutoka hapa tulipo mpaka lango la Fort Jesus ni mwendo wa dakika chache kwa miguu. Mnapita pale kila siku, wengine mkiwa na kachiri mkononi. Naomba nianze na mtu aliyeingia kwa lango hilo mwezi wa Agosti 1631. Wareno walimwita Dom Jerónimo Chingulia. Mamake alimzaa akiitwa Yusuf bin Hasan.

Babake alikuwa Sultani wa Mombasa. Alikosana na kapteni wa Kireno, akakimbilia bara, akauawa huko mwaka 1614. Mtoto akachukuliwa akapelekwa Goa, India, makao makuu ya Wareno upande huu wa dunia. Akalelewa na mapadri wa shirika la Mtakatifu Augustino, akabatizwa, akasoma kwao, akavaa kama wao, akaoa kanisani. Mwaka 1626 wakamrudisha hapa, wakamketisha kwenye kiti cha babake. Kila walichomtaka awe, alikuwa.

Haikutosha. Kapteni wa ngome aliendelea kumdharau. Kisha zikamfikia kapteni habari kwamba mfalme huyu Mkristo ameonekana kwenye kaburi la babake, akimwombea kwa dua za Kiislamu. Hilo tu, mwana kumwombea babake. Likaanza shauri la kumpeleka Goa kwenye Inkwizisheni, ile mahakama ya kanisa iliyochunguza imani za watu. Yusuf hakungoja. Aliingia ngomeni na watu wake, akamuua kapteni, akalitupa jina la Jerónimo.

Nilipokuwa na umri wenu, wanafunzi, nilisimuliwa kisa hiki kikaishia hapo, na sisi watoto wa madrasa tukapiga makofi. Miaka mingi baadaye nikajua kilichofuata. Wakristo wa mji huu, Wareno na Waafrika pia, waliambiwa waslimu au wafe. Wengi walikataa, wakauawa. Kanisa linawakumbuka hadi leo kama mashahidi wa Mombasa. Mtu aliyenyang'anywa dini yake akiwa mtoto aligeuka akawafanyia wengine jambo lile lile, kwa upanga. Nawaomba msiiruke sehemu hiyo, maana ndiyo iliyonifanya nikubali mwaliko wa kuzungumza leo.

Tuna methali yetu: ukienda kwa wenye chongo, nawe fumba lako jicho. Ni methali ya adabu, inamfundisha mgeni asijifanye bora kuliko wenyeji. Lakini nauliza: itakuwaje ukishafumba, ukazoea, watoto wako wakazaliwa wakikuta umefumba, kisha wenyeji wakuambie, "Hilo chongo lako si la kuzaliwa nalo"? Na utajibu nini?

Swali hili liliulizwa Hispania kwa zaidi ya miaka mia moja, na walioulizwa walikuwa Wayahudi na Waislamu, wote wawili. Ndiyo maana nawapeleka huko. Wareno waliomlea Yusuf walitoka rasi ile ile ya Hispania na Ureno, na walipofika pwani yetu 1498 walituita "Mouros", jina walilokuwa nalo tayari kwa Waislamu wa kwao. Walituchukia kabla hawajatuona.

Mji wa Granada ulikuwa dola ya mwisho ya Waislamu katika Hispania. Abu Abdillah, mtawala wake, aliukabidhi kwa Malkia Isabel na Mfalme Fernando tarehe 2 Januari 1492, kwa mkataba. Mkataba huo uliwaahidi Waislamu kubaki na dini yao, misikiti yao, makadhi wao. Kabla miezi mitatu haijaisha, tarehe 31 Machi, katika jumba la watawala wa Granada, Alhambra, ilitiwa saini amri ya kuwafukuza Wayahudi wote. Wabatizwe au waondoke mwisho wa Julai. Watu walioishi nchi hiyo tangu enzi za Warumi walipewa miezi minne kuuza nyumba na mashamba. Nimekuwa nikijiuliza Waislamu wa Granada walisema nini walipowaona majirani zao Wayahudi wakifunga mizigo. Pengine walisema, "Sisi tuna mkataba."

Mkataba ulidumu miaka saba au minane. Askofu mkuu Cisneros alifika mwaka 1499 akaanza kubatiza watu kwa nguvu, na vitabu vya Kiarabu vikachomwa hadharani katika uwanja wa Bib-Rambla, vikaokolewa vya utabibu tu. Watu wa mtaa wa Albaicín walipoinuka, ikasemwa wao ndio waliovunja mkataba. Mwaka 1502 Waislamu wa ufalme wote wa Castilla wakapewa chaguo lile lile la Wayahudi. Wengi hawakuwa na njia ya kuondoka. Wakabatizwa.

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo moyo wangu ulipo. Mngetarajia mambo yaishie hapo. Walitakiwa kuwa Wakristo, wamekuwa Wakristo. Wana majina ya watakatifu, wanakwenda misa, wanazika kwa padri. Lakini Wayahudi waliobatizwa walikuwa wameshaonja jibu mapema. Huko Toledo, mwaka 1449, miaka 43 kabla ya amri ya Alhambra, baraza la mji lilipitisha azimio kwamba Mkristo mwenye asili ya Kiyahudi hawezi kushika cheo cha umma. Mkristo, nasema, mtu aliyebatizwa, ambaye huenda babu yake ndiye aliyebatizwa. Papa Nicholas wa Tano alilipinga azimio hilo mwaka ule ule. Hata hivyo likaenea kutoka taasisi moja hadi nyingine: vyuo, mashirika ya kitawa, makanisa makuu. Waliliita usafi wa damu. Ukiomba kazi, wachunguzi walitumwa kijijini kwa nyanya yako kuuliza wazee: huyu bibi alikuwa nani?

Shirika la Wajesuiti lilikataa mtindo huo mwanzoni. Mkuu wao wa pili, Diego Laínez, alikuwa mwenyewe na asili ya Kiyahudi. Ilipofika 1593 wakafunga mlango kwa watu wa asili ya Kiyahudi na ya Kiislamu, na kanuni hiyo hawakuifuta kabisa mpaka 1946. Hesabuni wenyewe ni miaka mingapi. Ulaya ilikuwa imeshawaua Wayahudi milioni sita kwa hoja ya damu ndipo kanuni ile ikaondolewa.

Basi mtu aliyebatizwa akaishi chini ya macho ya jirani. Inkwizisheni ilisoma kanisani orodha ya dalili za mtu anayeshika dini yake ya zamani kwa siri, na kila muumini alitakiwa kutoa taarifa. Dalili zenyewe ni hizi: kuvaa shati safi siku ya Jumamosi, kukataa nyama ya nguruwe, kuoga Ijumaa, kupaka hina, kula chakula mkiwa mmeketi chini. Mama zangu mliopo hapa, nani kati yenu angepona? Hata harufu ya chungu jikoni ilikuwa ushahidi. Mtu alichunguzwa unadhifu wake.

Nataka niwajulishe kwa mzee mmoja, Francisco Núñez Muley. Alikuwa Mkristo wa asili ya Kiislamu, mtu wa ukoo mkubwa wa Granada. Utotoni alimtumikia askofu mkuu wa kwanza wa mji huo, Talavera, aliyependa kuwavuta watu kwa upole. Mwaka 1567 Mfalme Felipe wa Pili alitangaza sheria: kusema na kuandika Kiarabu kukomeshwe katika miaka mitatu, nguo za asili ziachwe, wanawake waache kujifunika uso, hamamu zivunjwe, majina ya Kiarabu yafutwe, na milango ya nyumba iachwe wazi siku za Ijumaa na siku za harusi ili wapita njia waone kinachofanyika ndani. Núñez Muley, mzee wa miaka sabini na zaidi, aliandika waraka akaupeleka kwa wakuu wa mahakama ya Granada.

Hoja zake zingeweza kuandikwa leo. Alisema nguo hizi ni za nchi, si za dini: Wakristo wa mashariki, Syria na Misri, huvaa kama Waturuki na husema Kiarabu, na hakuna anayewaambia si Wakristo. Lugha ya Kiarabu haipingani na imani ya Kikristo. Mzee wa kijijini asiyejua neno la Kihispania atajifunzaje kwa miaka mitatu? Hamamu ni mahali pa kusafisha mwili, na mtu anayetaka kufanya ibada ya siri hawezi kuifanya mbele ya watu wote. Kuhusu shela alikumbusha kwamba hata Wakristo wa asili wana wanawake wanaojifunika. Aliandika kwa heshima na kwa uchungu, kama mtu anayeamini kwamba msomaji wake ana akili na atasikia.

Hakusikilizwa.

Lakini siwezi kuuacha waraka wake bila kuwaambia jambo jingine lililomo. Katika kutetea haki ya watu wake kusema lugha yao, Núñez Muley aliuliza: je, kuna watu wa chini zaidi ya weusi wa Guinea? Na hao wanaachwa waimbe na wacheze kwa lugha zao. Nilipofika hapo mara ya kwanza nilikifunga kitabu. Mtu huyu niliyempenda, anayedai asidharauliwe, ananipandia mimi mabegani ili aonekane mrefu. Nikakaa siku kadhaa. Baadaye nikarudi nikaendelea kusoma, kwa sababu hoja yake ilikuwa ya haki hata kama yeye hakuwa wa haki kwetu, na kwa sababu nimewahi kusikia sentensi kama ile ikisemwa kwa Kiswahili, barazani, na watu ninaowaheshimu: "Angalau sisi si kama wale."

Mkesha wa Krismasi 1568 milima ya Alpujarras, jirani na Granada, iliwaka kwa uasi wa watu wake. Vita vilichukua zaidi ya miaka miwili. Kisha Waislamu waliobatizwa wa Granada, makumi ya maelfu, wakatolewa majumbani na kusambazwa Castilla yote ili wamezwe vizuri. Hata huko ikaonekana hawakumezeka. Kuanzia 1609 hadi 1614 Mfalme Felipe wa Tatu aliwafukuza nchini, watu wapatao laki tatu. Walikuwemo Wakristo wa kweli kabisa, wa kizazi cha nne, na wengi wao hawakujua lugha nyingine ila Kihispania. Sehemu nyingine walinyang'anywa watoto wadogo ili walelewe na Wakristo "halisi". Walipotua Morocco na Tunisia, kuna wenyeji waliowatazama kama Wakristo. Huku chongo lao halikutosha, na kule walipofumbua jicho watu hawakuamini kwamba linaona.

Mtaniambia, mwalimu, hayo ni ya kale. Tusogee karibu, Uswisi, nchi inayosifiwa kwa amani na kwa kura za wananchi. Uswisi ina utaratibu wa raia kukusanya saini na kulazimisha kura ya kubadilisha katiba. Kura ya kwanza kabisa iliyoletwa kwa njia hiyo ilipigwa Agosti 1893. Ilihusu nini? Kupiga marufuku kuchinja mnyama bila kumzimisha fahamu kwanza, yaani uchinjaji wa Kiyahudi. Ilipita kwa asilimia 60. Wayahudi wa Uswisi walikuwa wamepata haki kamili za uraia chini ya miaka thelathini tu nyuma, na ghafla wakati huo huo wengi walitambua mapenzi makubwa kwa ng'ombe. Sisemi kila aliyepiga kura alikuwa na chuki. Wapo waliowahurumia wanyama kwa dhati, na huruma hiyo hata Mtume wetu aliifundisha. Lakini chuki kwa Wayahudi ilikuwa wazi katika kampeni ile, na katazo lenyewe lipo hadi leo, limehamia kwenye sheria ya kulinda wanyama.

Miaka 116 baadaye, tarehe 29 Novemba 2009, raia wa nchi hiyo hiyo, kwa utaratibu huo huo, walipiga kura kukataza minara ya misikiti. Ilipita kwa zaidi ya asilimia 57. Nchi nzima ilikuwa na minara minne. Na sheria ya 1893, bila kumtaja Mwislamu hata mmoja, ilikuwa imeshamwandalia mahali pa kusimama: leo Myahudi na Mwislamu wa Zürich wanaagiza nyama yao kutoka nje wakiwa kwenye foleni moja.

Hilo ndilo nililotaka kuwaambia nyinyi Waislamu wenzangu, na nitalisema bila kuzunguka. Mlango aliofungiwa Myahudi Toledo mwaka 1449 ndio Mwislamu alioukuta umefungwa karne iliyofuata, kwa ufunguo ule ule. Sasa nendeni mkasikilize mawaidha mengine tunayosambaziana kwenye simu. Yanasema Mayahudi wote ni hivi, damu yao ni hivi, tangu zamani wako hivi. Neno damu limerudi! Limerudi kwa Kiswahili, limefungwa kilemba.

Nina hasira juu ya Gaza, hasira inayoninyima usingizi, na simwombi mtu radhi kwa hilo. Lakini serikali ina jina, waziri ana jina, jemadari ana jina, na bomu lina mtu aliyetoa amri. Mzee wa Kiyahudi anayefungua duka lake Antwerp asubuhi hakutoa amri hiyo. Sisi wa kanzu na buibui tunalijua jambo hili kuliko watu wengi. Aprili 2015, watu 148, wengi wao wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Garissa, walipouawa na al-Shabaab, wangapi kati yetu tulipanda matatu tukaona abiria akisogeza mkoba wake? Nilitaka kusimama niseme: mimi pia nimelia. Sikusema. Nilishuka kituo kabla ya changu.

Na nyinyi wachungaji, mna la kwenu la kusema mkirudi, sitawasemea.

Hapa kwetu Afrika Mashariki wapo Wayahudi, kwa wasiojua. Karibu na Mbale, Uganda, wanaishi Abayudaya. Mwanzilishi wao, Semei Kakungulu, alikuwa jemadari wa Kiganda aliyewasaidia Waingereza, na mwaka 1919 aliamua kuishika Torati, akatahiriwa yeye na wanawe. Aliambiwa aache, akakataa. Zamani za Idi Amin, aliyekuwa Mwislamu, ibada yao ilipigwa marufuku. Wengi wakaingia Ukristo au Uislamu, wakabaki mia chache walioswali kwa siri majumbani, kama wale wa Hispania. Amin alipoanguka 1979 wakajitokeza tena. Na mwaka 2016 rabi wao, Gershom Sizomu, alichaguliwa kuwa mbunge, kwa kura za majirani ambao wengi wao ni Wakristo na Waislamu. Habari hiyo sikuiona ikisambazwa kwenye simu yoyote.

Nimalizie na kitambulisho. Nilipotimiza miaka kumi na minane nilikwenda kukiomba, na afisa aliyenipokea, kijana tu, akalitazama jina langu akaniambia nilete cheti cha kuzaliwa cha babu. Nikamwambia babu alizaliwa Kuze, hapo nyuma ya msikiti, wakati vyeti havijulikani. Akasema basi nilete mzee wa kuthibitisha. Rafiki yangu tuliyesoma naye darasa moja, jina lake la Kikristo, alitoka dirisha la pili kwa robo saa. Mwaka 1989 Wasomali wa nchi hii walipangishwa mistari kupimwa uraia wao, ukoo kwa ukoo, Wakenya wengine hawakupangishwa. Nilileta mzee wangu. Alikuwa na umri wa miaka themanini, alivaa kanzu yake ya Idi kwa sababu alidhani anakwenda mahali pa heshima, na alisimama foleni saa tatu ili aseme kwamba mimi ni mjukuu wa fulani. Nilikipata kitambulisho. Yeye hakunizungumzia kitu njia nzima ya kurudi.

Nilipousoma waraka wa Núñez Muley, sauti niliyoisikia ilikuwa ya yule mzee.

Ombi langu kwenu ni dogo. Leo usiku fungueni simu zenu. Kila mmoja anao ujumbe mmoja unaosema "Mayahudi wote", au "Waislamu wote", au "Wasomali wote". Mwandikieni aliyewatumia, kwa jina lake na kwa adabu, kama ni mjomba basi kwa adabu ya mjomba, mwambieni hamtausambaza na kwa nini. Mimi nimeshamwandikia wangu. Ni kaka yangu mkubwa, bado hajajibu, na Ijumaa tutakula pamoja kama kawaida.

Shekhe ananiashiria muda umekwisha. Nimemwona binti aliyesimama pale mlangoni ameinua mkono tangu nilipomtaja Yusuf. Mpeni kipaza sauti yeye kwanza.